Visigino vya Ukoo wa Tecla

Mwaka wa tisini na sita, watu wa upande wa juu wa Litein walianza kumwogopa Tecla, maana ukienda kwake kitu cha kwanza alichokitazama hakikuwa uso wako. Ni visigino. Haki, hata kabla ya salamu!

Ilianza akiwa na kikapu cha majani chai mgongoni, akipanda kwenda kwenye kituo cha kupimia. Kifua kikambana, akakaa chini matopeni kama mtoto. Kule kliniki, Daktari Oyugi akamsikiliza, kisha akamwambia, "Mama, hebu vua gambuti."

Tecla akashangaa. Kifua kinauma, huyu anataka miguu! Oyugi akapapasa nyuma ya kisigino. Kano ya hapo ilikuwa nene, yenye vinundu vigumu.

"Hivi umevitoa wapi?"

"Ni kusuguliwa na gambuti, daktari. Kwetu tunavyo. Hata baba alikuwa navyo."

"Baba yuko wapi?"

"Alianguka shambani katikati ya michai, akafa. Alikuwa na miaka arobaini na moja."

Oyugi akamtoa damu ipelekwe Nairobi. Majibu yakarudi: kolesteroli, mafuta ndani ya damu, mengi ajabu, na si ya chakula tu. Amezaliwa nayo, na ndiyo yaliyotengeneza vile vinundu na kuubana moyo wake. Akampa dawa, akamweleza kwamba mzazi akiwa na hali hiyo, mtoto anaweza kuirithi au kuikosa, nusu kwa nusu.

Swali likamwasha Tecla: nani mwingine? Kaka yake Kimeli alikuwa ametimiza arobaini.

Jumapili moja ya mvua jamaa wakaja, gambuti zikabaki mlangoni. Tecla akazunguka na karai la maji moto, ati anaosha wageni miguu.

"Ai! Mbona unanitekenya?" shangazi yake akapiga kelele, watu wakacheka.

Kimeli alikuwa na vinundu, vikubwa kuliko vya Tecla.

"Twende upimwe," Tecla akasema.

"Mimi? Mafuta ni ya matajiri wenye vitambi. Niangalie nilivyokonda! Hizi ni gambuti tu." Akajimiminia kikombe kingine cha mursik, maziwa ya mgando.

Tecla alikasirika hadi machozi yakamlenga. Halafu akamwona Caren, kitindamimba wao, karani mjini Kericho, ambaye tangu utotoni alikataa katakata kuvaa gambuti.

"Caren, lete mguu."

Vilikuwepo. Vidogo, lakini vilikuwepo.

Kimeli aliutazama mguu wa Caren, mguu usiowahi kuingia kwenye gambuti. Kisha akamwita binti yake, Chepkurui, wa kidato cha tatu, aliyekuwa akimenya viazi jikoni. Akapiga magoti, akamvua viatu yeye mwenyewe, akapitisha kidole gumba nyuma ya kisigino, polepole, mara mbili.

"Baba, kuna nini?"

Alimgeukia Tecla.

"Hiyo kliniki," akauliza, "wanapima watoto pia?"