Mke wa Aliyepotea

Baba yangu, Mwalimu Fanueli, alipostaafu kufundisha historia tulidhani atapanda zake mlimani, kijijini kwetu Mhezi, akalime maharage kama wastaafu wenzake. Badala yake alinunua gari. Halikuwa la mizigo wala la abiria. Lilikuwa gari lenye vitanda, jiko la gesi, sinki na choo, mali ya Wazungu wawili waliozunguka nalo nusu ya Afrika mpaka gia zikawafia hapa Same. Lilikaa gereji muda mrefu, kuku wakalifanya banda lao. Baba akalifufua kwa kiinua mgongo chake, kisha akatangaza kwamba atalipeleka kila mahali palipopiganwa vita katika nchi hii, akaone kwa macho yake mambo aliyoyafundisha kwa chaki.

Watu wa Same hawakuchelewa kulipa jina. Waliliita Gesti. Baba ni mzee wa kanisa, na kila tulipopita stendi vijana walimuuliza kwa adabu kabisa kama chumba kipo. Alikunja uso mpaka miwani ikapanda. Mimi nilicheka, lakini nilicheka nikiwa dukani kwangu, ninakouza dawa za mifugo na kubishana na watu kuhusu ng'ombe wao. Sikuwa na nia ya kufunga duka nikazurure na mzee anayetafuta vita vilivyokwisha. Shida ni kwamba baba ana mtoto wa jicho na leseni ninayo mimi, na yeye alijua pa kunishika.

"Shangazi yako amekubali kwenda," alisema.

Hapo nikajua nimeshindwa. Shangazi Clemence, dada yake baba, hakuwahi kukubali kwenda popote. Ukimwalika harusi ya jirani tu, Suji, atakuuliza nani atabaki nyumbani. Anaishi Mhezi katika nyumba ya wakwe zake, peke yake, wakwe wenyewe walikwisha kufa. Ana migomba, ana maharage, ana mbuzi wawili wakorofi. Mtoto hana. Na mume, ukimuuliza, atakwambia anaye.

Mume huyo ni Elinaza. Walikuwa hawajamaliza mwaka katika ndoa vita vya Kagera vilipoanza, naye akachukuliwa pamoja na mgambo wenzake. Vita vikaisha, wengine wakarudi, Elinaza hakuonekana. Halafu siku moja akapanda mlima askari mmoja, mwenyeji wa pwani, mtu wa maneno laini. Alimkuta mzee, baba yake Elinaza, akipukuchua mahindi uani. Walisalimiana, wakaulizana hali, askari akakaribishwa kiti. Kulitaja neno kufa mbele ya mzazi kulimshinda. Akatafuta neno la heshima.

"Mzee," akasema, "Elinaza tulimpoteza kule Kagera."

Sasa, Mhezi tunaongea Chasu, lugha yetu Wapare. Kiswahili ni cha shule na sokoni, na wazee wa wakati ule walilichukua kila neno kama lilivyo. Kinachopotezwa ni mbuzi. Yupo mahali, anakula majani ya watu, anatafutwa.

"Mlimtafuta vya kutosha?" mzee akauliza.

Askari akaokota punje za mahindi zilizomwagika.

"Basi mkimpata mwambieni shamba la juu nimemwachia yeye."

Yule bwana akala makande, akaaga, akashuka mlima. Jina lake silijui na bado nina hasira naye. Baadaye walikuja wa serikali na neno lililo sahihi, lakini mzee alikataa katakata. Alisema hawa hawakuwapo, na yule aliyekuwapo kasema mwanawe kapotea.

Na katika ukoo ule aliyepotea haliliwi. Ukimlilia unamfungia njia, hata kama alikuwa ameshafika bondeni anageuka kurudi alikotoka. Aliyekufa ugenini mwili usionekane, ndugu hukata mgomba wakauzika mahali pake, wakalia, wakanyoa, wakaanua matanga, maisha yakaendelea. Elinaza hakuzikiwa mgomba. Shangazi, binti wa miaka ishirini, akaambiwa asidondoshe hata chozi moja. Akatii.

Watu wa mjini wakisikia habari hii husema hayo ndiyo mapenzi. Mimi nimekua nikimwona, na nasema ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa vibaya. Alimzika mama mkwe bila chozi. Alimzika bibi yangu, mama yake mzazi, akiwa amesimama pembeni ya kaburi akihesabu sufuria za kupikia wageni. Mtu akimwita mjane anamsahihisha taratibu, bila ugomvi: "Mimi ni mke wa mtu." Waliotaka kumposa walikata tamaa zamani.

Safari hii aliipa sharti moja. "Nitapanda gari lenu mkinifikisha Kaboya."

Kaboya, huko Kagera, ndiko walikozikwa askari wa vita vile. Baba aliapa kwamba tutafika. Kwa hiyo nikafunga duka.

Tulianza na Same yenyewe. Baba alinisimamisha stesheni ya reli, akatueleza jinsi Wajerumani, katika Vita Kuu ya Kwanza, walivyorudi nyuma kuelekea Tanga wakibomoa madaraja, na jinsi wanaume walivyokamatwa huku milimani kubebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu. Alieleza vizuri, sauti ya darasani, mikono hewani. Wauza ndizi wawili walisimama wakamsikiliza. Shangazi alikuwa ameketi mlangoni mwa Gesti akichambua mchele.

"Na hao wabeba mizigo waliofia njiani," akauliza, "watu wao waliambiwa?"

"Wengi hapana, dada," baba akasema.

Shangazi akaendelea kuchambua.

Kahe ilikuwa mashamba. Sijui nilitegemea nini. Baba alishuka na ramani yake akatuonyesha walikotokea Waingereza na walikojichimbia Wajerumani, na mimi niliona mahindi, mfereji wa maji na baiskeli imeegeshwa. Shangazi aliona mchicha pori, akauchuma. Moshi tulikwenda kwenye makaburi ya vita, mawe yamepangwa sawasawa, nyasi zimekatwa vizuri kuliko za mkuu wa wilaya. Shangazi alipita mstari hadi mstari akisoma majina ya wageni kwa sauti ya chini, akiyakosea yote.

"Hawa kwao walijua," alisema aliporudi garini. Ndivyo alivyovipima vita vya baba, vyote. Aliyeshinda hakumhusu.

Kutoka hapo barabara ni ndefu, na katika gari lile kila kitu hugongana: vikombe, milango ya kabati, baba na simulizi zake. Shangazi aliketi nyuma yangu kwenye kiti cha dirishani, ameshika mkoba mapajani kama abiria wa basi, ingawa kitanda chake kilikuwa hatua chache tu. Hakushangazwa na chochote. Manyara hakugeuza shingo, twiga hakumwona. Ila alikuwa akiongea, na habari zake zilikuwa za Elinaza, na alizisema kama anavyosema za mbuzi wake.

"Kwa safari hii miguu ingemvimba," aliniambia tukiwa tunapita Babati. "Umri huu."

"Nani, shangazi?"

"Elinaza. Kwao wana ugonjwa wa magoti. Baba yake alianza kuchechemea kabla ya mvi. Naye sasa atakuwa anachechemea. Na meno yale ya mbele, sidhani kama bado anayo."

Nilimtazama baba. Baba alikuwa akitazama ramani ambayo macho yake hayawezi kuisoma. Ndipo nilipoelewa jinsi shangazi alivyoishi miaka yote hii. Alikuwa amemzeesha mumewe taratibu, sambamba na yeye mwenyewe. Alimpa mvi zilipomtoka yeye, akampa miwani, akampunguzia chumvi kwenye chakula. Kichwani mwake alikuwa na mzee mzima, mkali kidogo, anayependa kukaa juani asubuhi.

Baada ya Singida tulisimama mchana penye mawe makubwa ili injini ipoe. Alikuwa akikoroga makande kwenye jiko la gesi, mimi nikikata vitunguu, na kwa kuwa sikuweza tena kuvumilia nikamuuliza anakwenda kutafuta nini.

"Nataka nilie kabla sijafa," akasema. Hakuacha kukoroga. "Nikimkuta amelala pale, nitalia, niwe mjane kama wenzangu. Nisipomkuta, nitarudi Mhezi niendelee kumsubiri. Lakini nimechoka, Jackline. Watu wanadhani nina moyo mgumu. Moyo ninao, sijui tu uko wapi."

"Na usipoweza kulia?"

Aliacha kukoroga. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Sitaki kuliwaza hilo," akasema. "Vitunguu vinatosha."

Tuliingia Muleba kwa manyunyu. Kule kila upande ni migomba, mingi kuliko ya kwetu, na minene. Shangazi aliitazama yote ikipita dirishani. Baba alikuwa na hamu ya kufika mbele zaidi, daraja la Kyaka, mahali palipopiganiwa kweli, lakini tangu asubuhi alikuwa hajalitaja. Mwalimu wa historia alikuwa ameishiwa na historia. Alifuta miwani yake mara kwa mara, na mimi nilimhurumia, jambo ambalo safari nzima sikuwa nimelifanya.

Kaboya shangazi alishuka amevaa gauni la kanisani na viatu vya kufunga. Palikuwa na askari mtu mzima mwenye kofia mkononi. Baba alimpa jina: Elinaza Mshana, wa Same. Nilidhani askari atakwenda kuuliza mtu, kwamba tutangojeshwa. Aliitikia tu kwa kichwa kama aliyeulizwa njia ya kisimani, akatangulia. Tulimfuata kati ya makaburi meupe, moja baada ya jingine, na nilikuwa nimemshika shangazi kiwiko. Mkono wake ulikuwa mwepesi na baridi.

Askari akasimama. "Ni huyu."

Lilikuwa jina lake, pamoja na la baba yake, herufi zimekolezwa rangi nyeusi. Kwa hiyo hakuwa amepotea hata siku moja. Watu walijua alipo, walimfagilia majani, walimpaka chokaa. Sisi wa Mhezi ndio tulikuwa hatujui.

"Ni ndugu yenu?" askari akauliza.

"Ni mume wangu," shangazi akasema.

Askari alilitazama kaburi, akamtazama yeye, akainamisha kichwa. "Pole sana, bibi," akasema, akatuacha.

Baba alivua kofia. Alianza kuomba, akaacha katikati, akaenda kusimama mbali ametugeuzia mgongo. Mimi nilibaki. Manyunyu yalikuwa yamekoma. Shangazi alisimama wima miguuni pa kaburi, mkoba kwapani, akisubiri. Nilijua anasubiri nini. Nilisubiri naye, na nilikuwa na kitambaa tayari mkononi. Alifumba macho, akayafumbua. Alikunja uso kama watu wanavyoukunja wanapoanza kulia, na uso ukabaki hivyo hivyo, kisha ukalegea.

"Hakuna kitu," akaniambia. Alikuwa na hofu. Hiyo niliiona, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nimwone na hofu. "Jackline, nimefika na hakuna kitu."

"Ngoja kidogo, shangazi."

"Nimengoja."

Nilitaka kumkamata yule askari wa pwani aliyekula makande akaondoka, nimlete hapa nimsimamishe. Shangazi alivuta miwani yake ya kusomea kutoka kwenye mkoba, nadhani kwa sababu tu hakujua afanye nini, akasogea karibu na jiwe. Alilisoma jina kwa kidole. Akasoma namba ya jeshi. Akafika mstari wa chini kabisa, kidole kikasimama.

"Hapa wameandika nini?"

"Umri wake," nikasema. "Miaka ishirini na mitatu."

"Ishirini na mitatu," akarudia. "Alikuwa ananiamrisha, unajua. Nilimwona mtu mzima. Nilimwogopa."

Aliguna. Akahesabu kitu kwa midomo, akatazama mikono yake mwenyewe juu ya lile jiwe, iliyokunjamana, yenye mishipa. Yule mzee wa magoti mabovu aliyekuwa akiishi naye Mhezi hakuwapo pale. Aliyelala pale hakuwa amefika hata kuota ndevu zikajaa.

"Huyu ni mtoto," akasema.

Alipiga magoti kwenye majani mabichi, gauni la kanisani na yote, akaweka kiganja juu ya kaburi, pale ambapo kichwa kingekuwa.

"Pole, mwanangu," akamwambia mumewe, na akaanza kulia.