Kwenda Sheppey Kuliona Ghala la Baruti Alimosali Makame

Safari yangu hii ilianzia kitandani kwa mtu mwengine. Mume wangu Makame alikuwa kalazwa hospitali hapa Lewisham, London, kifua kimembana, akanishika mkono akanambia, "Zuhura, yule Mista Len wa Sheppey sikumuaga. Kazi ilipofungwa mie nilikuwa nyumbani na homa, na tena sikurudi. Nenda kamwambie ahsante. Nenda mwenyewe, usimtume mtu." Nikamwambia haya, n'takwenda. Nani anabishana na mgonjwa? Hazikupita siku nyingi akafariki, Mungu amrehemu. Nikakaa eda yangu, na eda nzima lile neno limenikwama kooni kama mwiba wa samaki changu.

Nyinyi mlioko Unguja mtauliza, kwani kwenda kusema ahsante kuna uzito gani? Ngojeni niwaambie. Tulipotoka baada ya mapinduzi, tukapitia Mombasa mpaka huku, Makame London hakupata kazi. Akapata kisiwani Sheppey, kule mto wa Thames unakotokea baharini. Kazi kupakia na kupakua mbao ndani ya ghala la zamani la jeshi. Jumatatu anakwenda, Ijumaa jioni anarudi. Kila akirudi ananisifia lile jengo. "Njoo siku moja ulione, Zuhura." Na mie jawabu langu moja: "Miye? Niingie ghala la bunduki? Thubutu!" Sie tuliokuwapo mjini usiku ule tunajua bunduki zilitoka wapi. Zilitoka ghalani. Tangu siku ile nikiona mlango mzito wenye makufuli, nageuza njia. Basi hapo ndipo Makame aliponituma.

Na kuna jengine. Mwanijua mie, kila mtu namuiga. Imamu wetu namuiga, daktari namuiga, jirani yangu Mkongo akigombana na mumewe namuiga yeye na mumewe na mlango wao. Lakini tangu Makame afe, wajukuu wananambia, "Bibi, mfanye Babu!" Nafungua mdomo, haji. Watu wote wamo humu kinywani, mume wangu hayumo.

Jumamosi asubuhi, Lewisham. Binti yangu Rukia ni nesi, na yeye ndiye aliyeona kwenye simu yake kwamba lile ghala sasa hufunguliwa watu wakalitazame, siku moja tu kwa mwaka, na wazee wa kujitolea wanalionesha. Rukia kazaliwa huku. Kiswahili chake anakisema kama mtu kabeba mayai kichwani. "Mam, huyo Mista Len... labda... keshakufa. Usiumie moyo, oke?" Nikamwambia, "Akiwa keshakufa n'taliambia kaburi lake. Shika bati hilo." Ndani ya bati mlikuwa na visheti, nimevipika usiku, iliki inanukia mpaka chini kwa jirani. Makame kila Jumatatu alikuwa akichukua visheti, na akinambia nusu vinaliwa na Mista Len.

Kwenye treni tulibadilisha mara mbili. Yule mwanamke anayesema ndani ya treni, ambaye hajawahi kuonekana na mtu, sauti yake kama bi harusi aliyekatazwa kucheka: "Plizi, angalieni pengo baina ya treni na jukwaa." Nikamuitikia kila kituo. Bwana mmoja mbele yangu akashusha gazeti akanitazama, akalipandisha tena. Rukia akawa mwekundu. "Mam, plizi!" Mama mtu anasema plizi, mwana mtu anasema plizi, na treni inasema plizi. Nchi ya adabu hii.

Sittingbourne ndipo unapopanda treni ndogo ya kisiwani. Hapo nyumba zinakwisha, unaona majani, matope, mifereji, na kondoo wamesimama wameupa upepo mgongo. Halafu daraja. Daraja lenyewe ni minara minne, na Rukia kanambia ikija meli, njia yote inanyanyuliwa juu, treni na magari yanangoja mpaka meli ipite. Siku ile wakati wa kwenda halikunyanyuka. Tukapita tu, nikaona maji chini, nikasoma nilichojaaliwa.

Sheerness, mwisho wa reli, tulishuka, upepo ukanivua mtandio. Tukachukua teksi. Dereva akauliza tunakwenda wapi, Rukia akamwambia. "Ooh, stoo ya baruti!" anasema, maneno yote yanatokea puani. "Wamama kama nyie mnataka nini na baruti?" Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha sokoni Lewisham, "Mume wangu alisahau kitu." Akawasha gari, tukaenda.

Ghala lipo mwisho wa njia, peke yake, ukingoni mwa maji. Kwanza unaona ukuta tu, mrefu, wa matofali, umelizunguka jengo lote kama nyumba ya mtu mwenye mabinti wengi. Ukipita ule ukuta ndiyo unaliona lenyewe: refu, la matofali, paa la mgongo mkali, na kuta zake kwa nje zina nguzo nene zimeegemea, kama wanaume wanaousukuma mlango usifunguke. Madirisha hakuna. Vipenyo vyembamba tu. Nikasimama.

Pale mlangoni kuna mama kaweka meza. Rukia akamuuliza kama anamjua mtu anaitwa Len. "Len?" yule mama anasema, sauti ya kuku kataga. "Ee, mpenzi wangu! Yumo ndani anawaonesha watu, ndiyo kwanza kaanza. Ingieni, au mumngoje hapa, mkipenda."

Rukia akanitazama. "Mam, tungoje hapa." Yeye anajua habari zangu na maghala. Nikasema tungoje. Upepo ukanipiga. Nikalitazama lile bati. Nikasema, Makame kaniambia nende mwenyewe, hakunambia niishie mlangoni. Bismillahi. Nikaingia.

Ndani ya mlango kuna chumba kidogo. Benchi ukutani, vigingi vya mbao vya kutundikia nguo, na chini sakafuni kuna mstari umechorwa. Watu wamejipanga, na mbele yao mzee mwembamba, kofia, mkongojo, masikio makubwa mekundu. Yuko katikati ya maneno. Mtu anayesimulia humkatizi, kwetu ni aibu, basi nikasimama nyuma nikasikiliza. Rukia akininong'oneza palipokuwa pagumu.

"Hapa," anasema Mista Len, na anasema kama mtu ana kiazi cha moto mdomoni, "hapa mwanajeshi anavua kila kitu. Kiberiti, kiko, kisu, ufunguo, vifungo vya chuma. Na viatu! Viatu vyao vina misumari. Msumari ukikwaruza jiwe unatoa cheche, na cheche moja, bwana, kisiwa chote kwaheri. Kwa hivyo kuuvuka mstari huu na viatu ni marufuku. Jemadari, kuli, wote sawa."

Khaa! Nikamwambia Rukia, "Kumbe Muingereza anajua kuvua viatu, na kwangu anaingia navyo mpaka jikoni!" Nikainama nikavua vyangu. Rukia anavuta mkono wangu, "Mam, si sasa, ilikuwa zamani!" Zamani ya nani? Nikauvuka mstari na soksi.

Kule ndani, jamani, lilikuwa tupu. Ndilo la kwanza nililoliona. Tupu kama tumbo la Ramadhani saa kumi. Hamna bunduki, hamna sanduku. Dari ni tao moja refu la matofali, limepinda juu ya kichwa chako kama kiganja cha mkono. Mista Len akatueleza lilijengwa enzi za meli za matanga, walipokuwa wanawaogopa Wafaransa. Mapipa ya baruti yakiletwa kwa mashua mpaka mlangoni, yakipangwa humu, na meli za vita zikija kuchukua. Wakaliweka huku mbali ili likiripuka lisiondoke na mji. Ule ukuta wa nje kazi yake hiyo, kuuzuia mripuko. Dari nene kazi yake hiyo. Sakafu ya mbao haina msumari wa chuma hata mmoja, imeshikwa kwa vijiti. Bawaba za shaba, makufuli ya shaba. Vile vipenyo vya hewa havikukatwa sawa, vimepinda ndani ya ukuta: upepo unapita, cheche haipiti. Taa hazikuingizwa kabisa. Zilikaa nyuma ya kioo, na mtu akiziwasha kutoka ujia wa pembeni.

Nikaushika ule ukuta. Baridi, mnene kama wa nyumba ya bibi yangu Shangani. Nikafikiri, mie miaka yote naliona ghala kuwa nyumba ya watu wasioogopa kitu. Kumbe jengo zima limejengwa kwa hofu. Kila tofali linasema, tahadhari, tahadhari, usijetuua. Tukafanana, mie na lile jengo.

Baada ya kuzunguka tukarudi kile chumba kidogo cha mlangoni, na Mista Len akagonga mkongojo. "Baruti ikaondoka, jeshi likaondoka, wakaja wafanyabiashara wakajaza mbao. Mimi nilikuwa msimamizi. Sheria ya viatu haikuwapo tena. Lakini mtu wa mwisho kuvua viatu kwenye mstari huu hakuwa mwanajeshi. Alikuwa rafiki yangu, katoka Zanzibar. Kila adhuhuri anavua viatu vyake hapa, anatandika mkeka pale, anasali. Akimaliza, anafanya hivi."

Mista Len akakohoa mara mbili, kikohozi kifupi, akasugua viganja, akasema kwa Kiswahili, "Haya bwana, tuendelee."

Jamani. Si Muingereza aliyesema. Alikuwa Makame. Kile kikohozi, ile "bwana" inayovutwa kidogo kama mtu anakufunika shuka. Rukia akanishika kiuno. Watu wanacheka, wanapiga makofi, wanatoka mmoja mmoja.

Tukabaki sisi. Mista Len akaniona nimesimama na soksi, bati kifuani. Akanitazama miguu. Akanitazama uso. Akanyoosha kidole.

"Thubutu!" akasema.

Wallahi nilicheka mpaka nikakaa kwenye benchi la wanajeshi. Kumbe Makame miaka yote alikuwa ananiiga! Mie naiga dunia nzima, na mume wangu ananiiga mie, Sheppey, kwenye mbao! "Miye? Thubutu!" Mista Len anasema, na mkono kiunoni kama mie kabisa. Halafu akatazama nyuma yangu, mlangoni, anamtafuta mwengine aingie.

Hapo kicheko kikakatika. Nikamwambia, "Mista Len, Makame hayupo. Kafariki. Kanituma nije mwenyewe nikwambie ahsante kwa kumpa chumba cha kusalia."

Akavua kofia. Akakaa pembeni yangu. Upepo unapita kwenye vile vipenyo. Kisha akasema, "Ahsante ya nini? Chumba kilikuwa kitupu."

"Chumba kitupu wanacho wengi," nikamwambia. "Wewe ulikitoa."

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nakaa hapo nje kwenye kizingiti," akasema, "wale vijana wasije na mikokoteni wakamkanyaga. Hakujua. Nilimwambia nakula chakula changu."

Makame kafa hajui kama alikuwa na mlinzi. Nikafungua bati. Mista Len akatia kisheti kimoja mdomoni, akafumba macho, akatafuna taratibu, na kiazi chake cha moto kikatulia. "Jumatatu," akasema.

Jioni tukarudi. Bati nimemwachia. Kwenye daraja treni ikasimama: meli inapita, njia imenyanyuliwa, sote tunatazama maji. Nilikuwa nikifikiri, ghala halina lawama. Linaweka unachokitia. Walitia baruti, likaweka baruti. Makame katia sala, limeiweka mpaka nimeikuta. Na yule mzee kaiweka na sauti yake, kanirudishia bila ya kujua. Alhamdulillahi kwa watu wa aina ile, Mungu awazidishie.

Rukia kaniegemea begani. "Mam," akasema polepole, mayai yote kichwani, "mfanye Baba."

Nikakohoa mara mbili. Nikasugua viganja.

"Haya bwana, tuendelee."

Na treni ikaondoka.