Panya wa Ukuta Wetu

Mnaonijua pale kwenye mizani, nawaomba msicheke kabla sijamaliza. Mimi ni karani wa kupima majani ya chai. Nikiangalia tu kikapu mgongoni mwa mtu, najua kimepungua ratili ngapi. Macho hayohayo ndiyo yaliyoniaibisha.

Mwezi uliopita niliona udongo wa ukuta wetu umemegwa karibu na kitanda. Kesho yake shimo likawa kubwa zaidi. Nikamwambia mke wangu, Akinyi, "Tumeingiliwa na panya." Akainamisha kichwa, akajifunga blanketi vizuri. Kwetu kule ziwani mwanamke hatangazi mambo yake. Mume ana macho.

Nilitega mtego, haukunasa kitu. Nikapiga kelele kambi nzima ya wachuma chai kwamba panya watatuletea tauni, mpaka nyapara akamleta dresa wa zahanati na sumu. Asubuhi hiyo majirani walijaa mlangoni. Dresa alichovya brashi, akaielekeza kwenye shimo.

"Usipake hapo!" Akinyi aliudaka mkono wake.

"Kwa nini?" nikamfokea. "Unamhurumia panya?"

Akinyi akaanza kulia. Mama Owino, jirani yetu mzee, akamfuta udongo mdomoni kwa kidole, kisha akanigeukia.

"Karani, panya wako ndiye huyu, na ana mimba ya miezi mitano. Vikapu vyetu unaviona vikipungua. Tumbo la mke wako linajaa, huoni?"