Umugote Chini, Umusasa Juu

Je, kama miche yote ikifa? Swali hilo liliniibia usingizi wiki nzima kabla ya siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu. Niruhusu nikuite hivyo, ingawa mimi ni binti tu, nywele zangu zote bado nyeusi na diploma yangu bado inanukia wino. Woga nao huzeesha.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Bweyeye, kando ya msitu wa Nyungwe, nimesomea misitu. Mteremko ulio juu ya chemchemi yetu ulikuwa umeporomoka masika yaliyopita, tukanywa matope kwa muda mrefu. Majirani wakaamua kuupanda miti siku ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi, ili mizizi ishike udongo. Mimi nikachaguliwa kusema mti gani ukae wapi. Miche ilikuwa ya aina tatu: umugote unaopenda unyevu, umwungo wa udongo wa wastani, na umusasa unaovumilia ukavu. Yote ilikuwa imelelewa na Maman Feza, mjane mwenye sauti ya kengele na Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka.

Mpango wangu ulikuwa kuichanganya sawasawa kila mahali. Msitu wa Nyungwe si mchanganyiko? Tena hakuna ambaye angenilaumu kwamba nimependelea mti fulani. Lakini asubuhi, watu wamekwisha kusimama na majembe, shaka ikanirudia. Nikaomba tuahirishe, nipime udongo upya.

"Haraka haraka haina baraka," nikajitetea.

"Na ngoja ngoja inaumizaka tumbo!" akajibu Maman Feza. Watu wakaangua kicheko. "Mvula inakuya, miti yangu inakauka mu mifuko, na weye uko unawaza tu. Kuya huku."

Akanivuta mkono hadi pale mteremko unapopakana na msitu. "Angalia toka chini mupaka juu. Uniambie unaona nini, sawa vile ulikuwa unaambia profesa."

Nikamwambia. Bondeni kabisa, maji yanapotuama, hakuna miti, ni majani tu. Juu kidogo, udongo una unyevu lakini haujazama majini. Hapo miti ni mirefu, imeachiana nafasi, na chini yake kuna mifupi, na chini ya mifupi kuna mimea ya kivuli, kama nyumba ya ghorofa. Kadiri unavyopanda, ghorofa zinapungua. Kule mgongoni mwa mlima maji hayakai, basi miti ni mifupi, imebanana, vichwa vyote usawa mmoja.

"Mchanganyiko upo, Maman," nikasema, "ila maji ndiyo yanayouchanganya, si mtu anayeogopa lawama."

Maneno hayo yalinitoka kabla sijayafikiria. Kwangu hilo ni nadra.

Maman Feza akapiga makofi. "Si umesema, mama yangu? Sasa unangojaka nani akuruhusu?"

"Na kama nimekosea?"

"Miti ikikufa, niko na mbegu zingine. Mulima ikianguka, niko na mulima ingine?"

Mchagua jembe si mkulima. Nikashuka mbio, nikanyakua jembe la kwanza nililoliona, nikapaza sauti: "Umugote chini! Umwungo katikati! Umusasa juu!"

"Ndiyo, Profesa!" wakaitikia kwa dhihaka, na jina hilo limeniganda hadi leo. Umugote wa kwanza niliupanda mwenyewe. Kabla hatujamaliza mvua ilitukuta, na akina mama wakacheza kwenye tope huku wakiimba.

Baadhi ya miche ilikufa, tukapanda mingine. Chemchemi ni safi.

Basi, mwanangu, kuwaza ni kama maji kwa mti. Yakikosekana, mti hudumaa. Yakituama, hauoti kabisa. Waza hadi udongo ulowe, kisha yaache maji yapite, ushike jembe. Mungu akujalie mvua ya kiasi, na siku miguu yako itakaposita, akupe jirani wa kukucheka kwa upendo na kukushika mkono.