Mume Wangu Ameivunjia Nazi Boti Inayovuja

Hamjambo wanangu. Admin, jina langu lifiche. Mimi ni bibi wa miaka sabini na nane, Mhindi wa Unguja, naishi Hayes. Shule sikuingia hata siku moja. Mie naongea, simu inaandika, makosa mtanisamehe.

Tulikuja London na mume wangu miaka ile Wahindi wa Afrika Mashariki tulipokuwa tukimiminika hapa na masanduku yetu. Tulilala chumba kimoja familia tatu, tumetenganishwa na mapazia, mpaka tukaipata nyumba hii. Sasa mzee kafunga duka, anataka tuiuze, tununue boti ya tanga, tukaishi humo. Tanga kajifunzia wapi? Kakodi boti mara moja tu, nusu siku, jua linawaka, nahodha wa watu kashika usukani, yeye anakula sambusa zangu!

Nikamwambia, "Baba Kishor, kodi wiki nzima, na mvua na baridi yake, tulale humo tuone. Ukiipenda bado, tafuta mkaguzi wetu wenyewe, si wa muuzaji. Itolewe majini, aigongegonge tumbo, atazame tanga na mashine. Na uulize pa kuifunga, maana hapo hulipiwa kila mwezi."

"Mama Kishor, wewe na maneno yako! Kwani tunamchagulia Kishor mke?"

Jumapili tukaenda pwani kuiona boti aliyoipata. Sijashuka garini vizuri, mzee keshavunja nazi mbele ya boti na kuipaka rangi nyekundu, kama tufanyavyo sisi Wahindu kulibariki gari jipya. Muuzaji anapiga makofi! Mie nikaingia ndani, nikainua ubao wa sakafu. Maji. Nikachovya kidole, nikaonja: chumvi. Mvua haina chumvi, wanangu. Boti inavuja chini.

Mzee hataki kusikia. Anasema kilichokwisha kuvunjiwa nazi ni chetu, kumwita mkaguzi sasa ni kumtilia Mungu shaka. Nikamjibu, "Mungu hukumuuliza, ulimuuliza muuzaji." Kaninunia. Chai yangu hanywi.

Nyumba ina majina yetu wote wawili, na keshokutwa anataka saini yangu. Nikikataa, namvunja moyo mtu aliyenivika koti lake siku tuliyoshuka ndege natetemeka. Nikikubali, tutafia ndani ya ndoo iliyotoboka.

Nimenunua nazi nyingine, iko mezani hapa. Nyie mnaozijua mila zetu, tukiivunja kwenye boti ya kukodi, ile boti inayovuja itamtoka moyoni? Au nimnyime saini tu, anune mpaka achoke? Semeni nami wanangu, nifanyeje na mzee wangu?