Petunia za Stesheni ya Malaba

Niliondoka Malaba asubuhi moja bila kuamua niendako. Nilifunga sufuria yangu ndani ya blanketi, nikatia kisanduku cha kiberiti katika mfuko wa shati, nikaubana mfuko kwa pini, nikatoka. Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia. Ameinama, mkono mmoja mgongoni, na ufagio wake wa njiti unachora mistari myembamba juu ya udongo, hata uwanja wote ukaonekana kama shuka iliyopigwa pasi.

"Kazini mapema hivi?" akauliza.

"Naenda tu, mama."

"Kwenda tu ndiyo wapi?"

Nikageuza uso asiuone. Chini ya ukuta, pale ufagio wake ulipokuwa umepita, siku nne nyuma palikuwa na miche kumi na tisa ya maua. Nilikuwa naihesabu kila asubuhi kabla ya kunawa. Sasa palikuwa na mistari tu.

Ndani ya kisanduku cha kiberiti zilikuwa zimebaki mbegu ambazo zote zingekaa juu ya ukucha wa kidole changu kidogo. Hizo zikipotea, harufu ya maua yale imekwisha, kwa maana kila mahali pengine nilipopajua ilikuwa imekwisha tayari.

Nilikuwa na miaka kumi na saba hivi. Shule niliiacha darasa la tano, na nikiulizwa sababu husema karo, lakini sababu hasa ilikuwa dirisha. Kutoka dawati langu kule Moding niliona kipande cha barabara, na kila kilichopita pale kilinifanya nijiulize kinakwenda wapi na kimebeba nini. Mwalimu alinihamisha dawati mara mbili. Mara ya tatu nilijihamisha mwenyewe. Tangu hapo nilikuwa nimebeba magunia, nimechimba visima, nimekuwa taniboi wa lori moja lililokufa breki mlimani, na hakuna mahali nilipokaa hata mavuno yakanikuta.

Isipokuwa stesheni ya Malaba. Hapo nilikaa miezi minane, na mpaka leo najua ni kwa sababu ya harufu.

Mke wa stesheni masta alikuwa Mgoa, Mhindi wa Goa, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyevaa viatu vya mumewe akiingia bustanini. Aliniajiri nimwagilie maji. Alikuwa na waridi na makana, yale maua ya majani mapana, kama stesheni nyingine, lakini chini ya dirisha la jikoni alikuwa na tuta la petunia, ua laini lenye umbo la tarumbeta, nyingine nyeupe, nyingine za zambarau iliyofifia kama wino uliomwagiwa maji. Mchana hazikuwa na jambo. Majani yananata, maua yamelegea, ukizinusa hupati kitu. Jua likishagusa jiwe la Tororo, ule mlima wa mwamba upande wa Uganda, ndipo maua yanaanza. Harufu ilitoka polepole, kama ya karafuu alizotia katika chai yake, na asali kidogo, ikapanda mpaka kwenye jukwaa la abiria, na watu waliokuwa wanagombania mizigo walinyamaza kidogo wakatazama huku na huku. Nondo wakubwa walikuja, wakasimama hewani mbele ya kila ua. Mimi ambaye kila jioni miguu iliniwasha kutaka kwenda nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikawatazama.

"Hizi si za paketi," mke wa masta aliniambia siku moja. "Za paketi zina maua makubwa, lakini hazinuki. Hizi mama yangu alizipanda, na mama yake. Kila mwaka nachuma mbegu, kila mwaka napanda."

Kupanda alipanda mwenyewe, mlangoni mwa stoo, mimi nikiwa kisimani. Nilichokiona ni kwamba miche ikiwa bado michanga hakuimwagia maji kutoka juu. Aliweka kopo ndani ya beseni la maji, udongo ukanywa kutoka chini.

Kisha uhuru ulikuja, na haukupita muda mumewe akapewa barua ya kustaafu. Waliondoka kwa treni ya kwenda pwani, na yeye tayari akiwa dirishani alinipa kile kisanduku. "Gawanya mafungu matatu," akasema. "Usipande zote mara moja. Zikikupa mbegu, mpe mtu." Treni ilikuwa inaanza kusogea. Nilitaka kumwuliza zinapandwaje, nikaona ni swali la aibu. Mtoto wa mkulima aulize namna ya kupanda?

Mwezi haukuisha, mke wa masta mpya aling'oa tuta lile akapanda kabichi. Simlaumu. Kabichi zake zilikuwa nzuri.

Fungu la kwanza nililipeleka nyumbani Moding, nikazipanda mbegu kama tunavyopanda wimbi, ule ulezi. Mbegu ndogo kwetu ni wimbi, na wimbi lina desturi yake. Unarusha, halafu unaburuta tawi la miiba juu ya shamba ili udongo uzifunike kabla ndege hawajaamka. Nilirusha, nikaburuta tawi. Baba alisimama akaangalia, akasema nimeburuta vizuri. Nikangoja wiki tatu, nikapata magugu.

Jibu nililipata kwa bahati, nikipita stesheni kuomba kazi. Tangi la maji la injini lilikuwa linavuja, na juu ya tofali lililolowa, mahali pasipo na udongo wa kujaza kijiko, palikuwa na mche mmoja wa petunia. Nilisimama pale mpaka askari wa reli akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nilikuwa nafikiri, huu nani aliufunika? Hakuna. Mbegu ile ilitaka kuliona jua ndipo iamke, na mimi nilikuwa nimeizika na dada zake wote kwa adabu kama ninavyozika wimbi. Wiki iliyofuata nilirudi na kijiko kuuchukua, nikakuta tangi limezibwa na tofali zimepakwa chokaa.

Fungu la pili, basi, nililipanda Malaba, kwa yule mama wa ufagio. Nilitoboa kopo la mafuta ya kupikia, nikatia udongo uliochekechwa, nikachanganya mbegu na mchanga mkavu, nikazinyunyiza juu na sikuzifunika. Kopo nikaliweka ndani ya sufuria ya maji. Siku ya kumi udongo ulipata ukungu wa kijani. Ukiinama karibu, kila chembe ya ukungu ilikuwa na majani mawili. Miche mingi ilikufa. Kumi na tisa ilifika urefu wa kidole, nikaihamishia chini ya ukuta, na mmojawapo ulianza kufunga kitumba cha ua.

Hapo ndipo lori la saruji liliposimama kwenye duka la jirani. Dereva alikuwa anavuka kwenda Tororo kupakia, na taniboi wake alikuwa na homa. "Kijana, unajua kufunga turubai?" Nilijua. Na sikuwahi kuona jinsi jiwe linavyochomwa likawa saruji. Nilijiambia jioni nitakuwa nimerudi. Nilirudi jioni, lakini ya siku ya tatu, nywele nyeupe kwa vumbi, kichwa kimejaa habari za tanuri, na uwanja ulikuwa safi.

"Nimekusafishia mlangoni," mama aliniambia, na alisema kwa wema. "Umeenda bila neno, majani yanaota mpaka ukutani. Nikasema nyoka asije akaingia kwa mtoto wa watu."

Nilimwambia asante. Kwake uwanja wenye jani moja ni nyumba iliyofiwa. Yeye alifanya kazi yake, na mimi ndiye niliyekwenda kuangalia tanuri.

Kwa hiyo asubuhi ile nilikwenda. Penye njia panda nilifuata upande wa kusini kwa sababu baiskeli mbili zilikuwa zinaelekea huko. Nilisimama kwa mtu anayechoma matofali nikamwuliza kwa nini anapaka tanuri matope. Nilisimama kwa mwanamke aliyeanika mihogo juu ya jabali. Nilimsindikiza mchungaji mmoja na ng'ombe zake nje kabisa ya njia yangu ili anionyeshe kisima alichosema kina samaki, na hakikuwa na samaki. Kila nikisimama mkono ulipanda wenyewe kifuani kugusa pini. Halafu nilijiona nikitembea haraka, karibu kukimbia, kama mtu anayefukuzwa, na hapakuwa na mtu nyuma yangu.

Mchana ukigeuka mawingu yalipanda kutoka upande wa ziwa. Mbegu hizi zikilowa ndani ya kisanduku zinaoza humo humo. Tone la kwanza lilipoangukia mkono, nilitia kisanduku ndani ya sufuria, nikafunika kifuniko, nikazungushia blanketi, kisha nikavua shati nikazungushia blanketi. Niliingia Busia kifua wazi, nimekumbatia furushi, maji yakinitiririka kama bata, nikakimbilia baraza la duka.

Hapo alikuwapo mtu wa baiskeli, mmoja wa wale waliokuwa wakibeba watu na mizigo kutoka kizuizi cha huku mpaka cha Uganda. Alikuwa ameshona mto juu ya kiti cha nyuma. Aliangalia furushi langu.

"Boda? Boda? Huyo mtoto ni mgonjwa?"

"Si mtoto. Na mimi sivuki."

"Hapa kila mtu anavuka, ndugu yangu. Kama huvuki umekuja kufanya nini?"

"Natafuta chumba."

"Cha siku ngapi?"

Nikahesabu. Wiki sita mpaka mche kuhama, nyingine mpaka ua, nyingine mpaka kifuko cha mbegu kikauke kichanike. "Miezi minne," nikasema, na nilishtuka kusikia sauti yangu ikisema hivyo.

"Minne!" Akaangua kicheko. "Umeua mtu?" Alipoona sicheki alinihurumia. Akaniambia mtaa wa Burumba kuna mama mjane, nyumba ya bati, mlango wa buluu, ana chumba. "Lakini uwe msafi. Ufagio wa yule mama hupumzika Jumapili peke yake."

Karibu nimwombe anivushe Uganda.

Mvua ilipokatika nilikwenda. Mama alikuwa mlangoni akikamua maji kwenye gunia la kukanyagia, mwanamke mrefu, kitambaa kichwani. "Mulembe," akanisalimu kwa Kiluhya, nikaitikia mulembe, akacheka. "Hiyo mulembe yako imetoka kwa Wateso. Karibu." Akafungua chumba. Sikukitazama. Nilikwenda ukutani upande linakochomozea jua, nikachutama, nikafinya udongo.

"Wewe unapanga chumba ama unapanga udongo?"

Nikamwambia habari ya maua. Alisikiliza mikono kiunoni.

"Linaliwa?"

"Haliliwi, mama."

"Ni dawa?"

"Si dawa."

"Sasa kazi yake?"

"Linanukia. Jioni."

"Na mchana?"

"Mchana hamna."

"Kama marehemu mume wangu," akasema. "Mchana wote mdomo umefungwa, jioni utamsikia mpaka kwa jirani." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Lakini hapa nafagia, kijana. Kila asubuhi, mpaka ukutani. Kulea majani mlangoni siwezi. Watu wataniona mvivu."

Ufagio ulikuwa umesimama kando ya mlango, njiti juu. Niliutazama. Kwetu, na kwao pia, sijawahi kuona mwanamume mzima akifagia uwanja asichekwe. Ni kazi ya wake na wasichana.

"Nitafagia mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Kila asubuhi. Uwanja wote. Pale ukutani nitazungusha."

"Ee! Mwanamume afagie kwangu? Majirani watasema nimekulisha kitu."

"Waseme, mama."

Alinitazama kuanzia miguu yenye matope mpaka kifua wazi mpaka furushi. Nadhani aliona mimi ni mtu wa namna gani. Watu wa mpakani wanawajua wapitaji.

"Sawa," akasema. "Lakini sikia. Siku nikiamka nikute hapajafagiwa, sitakuuliza umeenda wapi wala unarudi lini. Nitafagia mwenyewe, na mimi nikifagia sichagui."

"Nimesikia."

"Basi shika. Mvua imeleta majani, na mchana bado upo."

Nikashika. Nilifagia udongo mbichi vibaya sana, nikaacha mabonde, na mwanamke wa nyumba ya pili akaita watoto wake waje waone. Yule wa baiskeli alipita na abiria nyuma, akapiga kengele kutoka mwanzo wa uwanja mpaka mwisho. "Bibi harusi!" akaita. Nikainua ufagio kumsalimu.

Mama alinipa kopo bila kuombwa. Nililitoboa kwa msumari. Nilifungua kisanduku ndani ya chumba, mlango umefungwa, nimezuia pumzi kwa sababu pumzi moja ingetosha. Zilikuwa kavu. Nilizichanganya na mchanga wa sakafuni, nikazinyunyiza juu ya udongo, vidole vikataka kuzifunika kwa desturi yao, nikavirudisha nyuma.

Kutoka mpakani nilisikia malori yakiwashwa, moja moja, yale yaliyokuwa yamengojea mvua. La mwisho lilikuwa na mlio nisioujua, mzito, kama limebeba chuma. Nilisimama. Nilitaka kujua ni chuma gani. Kisha nikachukua ufagio nje, nikaulaza kizingitini kwa ndani, ili asubuhi mguu wangu ukutane nao kabla ya kukutana na barabara.