Pedali ya Kushoto

Harufu ya kutu iliyolowekwa kwenye mawese ya moto siwezi kumweleza mtu ambaye hakukulia nyumbani kwetu Rumonge, kusini mwa Bujumbura. Si harufu nzuri. Ni nzito, inashika kooni, na ikichanganyika na ile ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa mchangani, mgeni huomba maji ya kunywa kisha akatafuta njia. Mimi nikiisikia hata leo, mate hunijaa mdomoni na moyo huniuma, vyote kwa pamoja. Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli, au kinga kama tunavyoziita huku, na kibanda chake kiliegemea ukuta wa nyumba yetu, hatua chache kutoka sokoni. Mwaka wa Uhuru nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na tangu mvua zilipoanza kupungua mpaka siku ya sikukuu yenyewe nilinuka kutu na mawese kuliko msichana yeyote wa mtaa wa Waswahili.

Yote yalianza na mzungu wa pamba. Alipoona bendera inakaribia kubadilishwa alifunga mizigo, akamwuzia Baba baiskeli ya mashindano iliyokuwa imelala ghalani mwake miaka mingi chini ya magunia. Haikufanana na kinga nyingine za Rumonge, zile nene za kubebea mikungu ya michikichi. Hii ilikuwa nyembamba, pembe za usukani zimepinda chini kama za kondoo dume, tandiko la ngozi limekauka, na kutu kila mahali. Baba aliizunguka mara tatu bila kusema neno. Kwa kuwa alikuwa msemaji sana, tulijua mambo ni mazito. Tangu siku hiyo aliifungua, akaisugua, akaifunga, akaifungua tena, hata Mama akaibandika jina la Bi Mdogo. "Bi Mdogo amekula?" aliuliza kila alipopakua ugali. "Mumupelekee yeye kwanza, sisi wazee tutangoja." Baba alicheka. Mama alicheka pia, ila kidogo.

Nami nilikuwa na kazi yangu. Miaka ya kugonga vyuma ilikuwa imemla Baba masikio, na gurudumu jembamba la namna ile halinyooki kwa macho peke yake. Spoki zote sharti zivutwe sawasawa, na anayejua hilo ni sikio. Nikawa nazigusa kwa ukucha moja moja, nikisikiliza. Iliyokaza hulia kwa sauti nyembamba, iliyolegea hulia kama imenuna. "Hii, Baba," nilisema, naye akakaza kidogo, akaniangalia, nikatikisa kichwa, akakaza tena. Wakati huo kaka yangu Shabani, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa ziwani akiogelea na wenzake. Nilimsugulia Bi Mdogo mchanga laini na mawese mpaka ngozi ya vidole ikanitoka. Sikuwahi kuambiwa kwamba ni yangu. Lakini mtoto akipewa kazi ya kitu, hukihesabu kuwa chake.

Ilipotangazwa kwamba kwenye sikukuu kutakuwa na mbio za baiskeli, kutoka sokoni hadi Gatete na kurudi, Baba aliipaka mafuta mara ya mwisho, akamwita Shabani ajaribu kimo cha tandiko. Nilisimama na tambara mkononi. "Hii iko ya Shabani," Baba akasema, kama mtu anayesema jua limechwa. Nilipoanza kulia alishangaa kweli. "Zaina, mutoto mwanamuke apande kinga, watu watasema nini?" Wanasema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo tele, na nilizihesabu usiku na mchana. Nilimwonea Shabani wivu wa miguu yake mirefu, wa kaptura yake mpya, hata wa jinsi alivyomaliza uji haraka. Nilitaka aanguke, tena mbele za watu.

Asubuhi ya mbio Baba na Shabani walishuka ziwani kuoga. Jirani yetu akaja kurudisha spana ya pedali aliyoazima jana yake, akanikabidhi mimi, akaenda zake. Bi Mdogo alikuwa ameegemea ukuta anang'aa. Sikufikiri mara mbili. Nilichuchumaa upande wa kushoto, nikaitia spana kwenye pedali, nikaizungusha kuelekea kushoto, kama nilivyomwona Baba akifungua nati zote. Ikaenda raha mustarehe mizunguko michache, halafu ikawa ngumu. Nikaining'inia kwa uzito wangu wote. Spana ikateleza, ikachora alama ya mwezi mchanga kwenye mkono wa pedali, nikaogopa nikaacha. Nilijiambia nimelegeza kiasi cha kutosha. Nikanawa mikono, nikavaa gauni la sikukuu.

Washindani walipoondoka sokoni nilipiga kelele pamoja na wenzangu, roho ikinicheka. Kisha barabara ikawa tupu, vumbi likatua, na kicheko kikaniisha. Nilianza kuona mambo: Shabani kwenye mtaro, Shabani na meno yaliyovunjika, Shabani chini ya lori la samaki. Nilisoma Fatiha mara nyingi hata nikaanza kuikosea. Nilitaka aanguke na nilitaka asianguke, na vyote nilivitaka kwa moyo mmoja. Alipotokea kwenye kona alikuwa wa pili nyuma ya katekista mmoja mwenye miguu kama ya mbuni, na miguu yake yote miwili ilikuwa ikizunguka. Watu walimbeba mabegani. Nikashukuru Mungu, na kabla sijamaliza kushukuru nikaanza kumwonea wivu upya.

Jioni Baba alimgeuza Bi Mdogo miguu juu amfute vumbi. Ghafla akashika kichwa. "Pedali ya kushoto," akasema. "Niliifunga na vidole tu. Kle ilikuwa kwa jirani, halafu nikasahau." Kle ndiyo spana. Akaishika, akaitikisa, haikucheza. Alikaa kitako. Ndipo akatueleza jambo ambalo hakuwahi kunifundisha: kwamba pedali ya kushoto haifuati sheria za wenzake. Inafungwa kinyume, kuelekea kushoto, na wengi hawajui, huivunja. "Aliyeikaza hii iko fundi. Nani?" Nilijitia kukunja tambara, maana niliyetaka kulegeza sikuwa fundi. Shabani akainama kidogo. "Ni mimi, Baba." Baba akamshika bega, akamwita fundi mbele ya majirani. Wahenga husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, watu wakanywa maji, na shukrani akapewa mwingine.

Miaka kumi nilimeza donge hilo. Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili, ambao wa rika langu hatuhitaji kusimuliana. Nilikuwa nimeolewa, Shabani alikuwa mwalimu, na walimu walikuwa wakiitwa na askari, hawarudi. Mchana mmoja alifika mlangoni kwangu na Bi Mdogo, bila mzigo, kama mtu anayekwenda dukani. Alikuwa anashuka Nyanza-Lac, apite Kabonga, avuke mpaka aingie Tanzania. Nilimfungia mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. Alikipokea, akagusa pedali ya kushoto kwa ncha ya kiatu.

"Ingali imekaza," akasema. "Nilikuona siku ile, dada. Nilitangulia kurudi kutoka ziwani, nikakuona umeining'inia."

Akafunga kitambaa cha mihogo kwenye usukani.

"Nilimudanganya Baba. Miye alinipa kinga, lakini wewe alikuwa anakusikiliza. Nilikuonea wivu sana." Akapanda. "Murakoze, asante, Zaina. Uliniangalia nisianguke, na miye sikusema."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Barabara ilikuwa wazi, alikuwa ameshika breki ananisubiri niseme lolote. Nikasema, "Nenda na Mungu." Akaenda akiamini nilimkazia pedali kwa mapenzi.

Hakuna barua iliyofika, wala mtu aliyemwona ng'ambo. Ukoo ulimsomea hitima. Nilipika wali, sikuitikia amina. Siku hizi vijana kutoka Bujumbura huja kutafuta baiskeli kuukuu za mashindano. Wanazisugua kwa dawa za chupa zisizo na harufu, wanazipanda wasichana kwa wavulana, na hakuna anayeuliza watu watasema nini. Nawaonea wivu, sitaficha. Wameshazoea kuniletea walichonunua, mimi bibi mwenye masikio, niwasikilizie spoki. Lakini kabla ya spoki nawaambia wainamishe baiskeli, nipitishe kidole kwenye mkono wa pedali ya kushoto, nikitafuta mwezi mchanga. Sijaupata, na kila nisipoupata napumua. Maiti haonewi wivu, nami Shabani namwonea wivu mpaka leo: ana baiskeli yangu, na bado hajairudisha.